Somo: Kujiandaa na kozi ya haraka ya kemia ogania wakati wa kiangazi

Kozi ya wiki 15 ikibanwa ndani ya wiki 6, kila wiki hubeba kazi ya wiki mbili na nusu. Kwa hiyo usijitaabishe kusoma nusu ya kitabu mapema. Tumia wiki mbili za kabla kuzoesha mkono mambo machache ambayo mwalimu hatapata muda wa kuyarudia.

Hatua ya 1: Michoro. Kaboni bondi 4. Naitrojeni bondi 3 na jozi huru 1 (elektroni mbili zisizo kwenye bondi). Oksijeni bondi 2 na jozi huru 2. Chaji ya atomu ni elektroni za ganda la nje, toa elektroni huru, toa idadi ya bondi. Oksijeni yenye bondi 3 na jozi moja: 6 − 2 − 3 = +1.

Hatua ya 2: Asidi na besi. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu sehemu kubwa ya kozi inajengwa juu yake. Kariri pKa hizi (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi): asidi ya asetiki 4.8, amoniamu 9.2, fenoli 10, maji 15.7, ethanoli 16, alkaini yenye bondi-tatu mwishoni 25, amonia 38, alkani 50. Msawazo huelemea upande wa asidi dhaifu. Ndiyo maana haidroksidi haifai kung'oa protoni ya alkaini (ikipokea protoni inakuwa maji, na 15.7 iko chini ya 25), lakini sodiamu amidi inaing'oa bila shida (inakuwa amonia, na 38 iko juu ya 25). Kila namba jiulize: chaji hasi inayobaki imetulia wapi, na kwa nini? Fenoli inaishinda ethanoli kwa ukali wa asidi kwa sababu chaji yake inasambaa kwenye pete.

Hatua ya 3: Mishale. Mshale huanzia kwenye elektroni, yaani jozi huru au bondi, na kuishia zinakokwenda. Kosa linalorudiwa sana ni kuanzisha mshale kwenye H⁺, ambayo haina elektroni hata moja. La pili ni kuiachia kaboni bondi 5: nukleofili (chembe inayotoa jozi ya elektroni) ikishambulia kaboni ya C=O, lazima mshale mwingine upeleke jozi moja ya bondi-mbili kwa oksijeni.

Hatua ya 4: Umbo. Nunua au azima vifaa vya kuunda molekuli. Katika R na S (majina ya maumbo mawili ya kaboni yenye makundi 4 tofauti), kundi la daraja la chini kabisa likikuelekea, geuza jibu: R iwe S, S iwe R.

Maswali ya wanachama

Naomba kuuliza, nikariri mimenyuko kwa kadi?
Kadi zinafaa kwa pKa na vitendanishi. Kwa mmenyuko, andika upande wa nyuma mishale yote, si zao peke yake. Zao bila mishale litakupotea swali likibadilishwa kidogo.

SN1 na SN2 (njia mbili za kundi moja kuchukua nafasi ya jingine kwenye kaboni) nizianze mapema?
Anza na swali moja tu: kaboni yenye kundi linaloondoka imeshikana na kaboni ngapi? Ikiwa 1, SN2 hupita kwa urahisi. Zikiwa 3, njia imesongamana na SN2 haiwezekani. Besi kali hapo huleta E2 (kundi huondoka pamoja na H ya kaboni jirani, ikabaki bondi-mbili).

Naweza kuendelea na kazi ya kutwa?
Hapana. Darasa la saa 3 linadai angalau saa 4 za mazoezi siku hiyohiyo, na maabara bado hujaihesabu. Omba likizo, au subiri muhula wa kawaida.