Mzee amefariki, mirathi mnaanzia wapi?

Hii ni kwa familia za kawaida za Tanzania Bara, zile ambazo mzee ameacha nyumba moja au mbili, shamba kijijini, hela kidogo benki, pikipiki, na watoto wengine wako Mwanza wengine Dar na mmoja yuko nje hapokei simu. Zanzibar wana mahakama zao za kadhi na utaratibu wao, kwahiyo wa huko msifuate hapa neno kwa neno.

Kabla ya yote kuna kitu kimoja ndo kinaleta ugomvi karibu kila msiba wenye mali. Msimamizi wa mirathi sio mrithi mkuu, wala sio baba mpya wa familia, na mali hazijawa zake. Kazi yake ni kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni, kugawa kinachobaki kwa warithi halafu kurudi mahakamani kusema nimemaliza, hii hesabu. Basi. Anaweza kuwa mjane, anaweza kuwa binti, anaweza kuwa kitinda mimba, hata mtu baki anayeaminika. Hakuna sheria inayosema lazima awe baba mdogo au kijana mkubwa wa kiume, hayo ni mazoea yetu tu.

Anzeni na cheti cha kifo. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30. Kama amefia hospitali mtapewa karatasi pale pale, kama amefia nyumbani mnapitia kwa mtendaji, kisha mnafuatilia cheti RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, au ofisi yao ya wilayani. Mkichelewa cheti bado kinapatikana ila usumbufu unaongezeka. Sasa hapa angalieni majina kabla hamjaondoka dirishani, nasema hivi kwa sababu mirathi nyingi zinakwama kwenye herufi moja. Kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA mzee ana majina matatu, hati ya kiwanja ina mawili, benki wameandika jina la babu bila ile "e" ya mwisho, na kadi ya pikipiki ina jina la ubatizo ambalo hata wanae hawalijui. Benki hawatakuelewa ukiwaambia "ni huyo huyo". Cheti kiandikwe jina lililopo kwenye kitambulisho chake, halafu hizo tofauti nyingine mtu wa familia anaapa kwa wakili au hakimu, hati ya kiapo kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Fanyeni hilo mapema, msisubiri mpaka benki wawarudishe.

Mkishapata cheti mnakaa kikao cha familia. Kwa uhalisia sheria yenyewe hailazimishi kikao cha ukoo, na majaji wameshasema hivyo kwenye hukumu zaidi ya moja, mtu anaweza kuomba usimamizi bila muhtasari wowote. Ila nenda Mahakama ya Mwanzo bila muhtasari uone, karani swali la kwanza ni "muhtasari wa kikao uko wapi". Kwahiyo kaeni, na mkikaa andikeni vizuri maana huo muhtasari ndo utakaosomwa miaka kumi baadae mkianza kushikana mashati. Usiandike "familia imekubaliana fulani asimamie kila kitu". Andika hivi:

"Kikao cha familia ya marehemu (majina yote kama yalivyo kwenye cheti cha kifo), aliyefariki tarehe fulani, akiwa mkazi wa kijiji au mtaa fulani. Waliohudhuria: (jina, uhusiano na marehemu, namba ya simu, sahihi). Marehemu ameacha mjane au wajane hawa, watoto hawa na umri wao, wazazi walio hai hawa. Mali zinazojulikana hadi leo ni hizi. Madeni yanayojulikana hadi leo ni haya. Kikao kinampendekeza fulani kuomba usimamizi wa mirathi mahakamani. Wasiokubali ni hawa na sababu zao ni hizi."

Hiyo sentensi ya wasiokubali watu wanaiogopa lakini iwekeni. Mtu aliyekataa akaandikwa hawezi kuja kusema alifichwa, na hakimu akiona mmeandika wazi anawaamini zaidi. Na watoto wa nje ya ndoa waandikeni. Najua inauma, hasa kwa mama mjane ambaye anawaona kwa mara ya kwanza msibani, ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mtoto asinyimwe kunufaika na mali ya mzazi wake, na ukimficha leo atakuja na wakili kesho wakati nyumba mmeshauza na hela zimeisha.

Halafu mahakama ipi? Hapa msikimbilie iliyo karibu na nyumbani kwako, inayohusika ni ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Kama maisha ya marehemu hayakuwa ya kimila wala hakuwa Muislamu, mfano Mkristo aliyefunga ndoa kanisani akaishi mjini na kazi yake, shauri linaweza kutakiwa kwenda mahakama za juu, wilaya, hakimu mkazi au Mahakama Kuu kutegemea na thamani. Muulizeni karani na ikiwezekana wakili kabla ya kulipa chochote, maana zipo mirathi zimefutwa huko juu baada ya miaka mingi kwa sababu tu zilifunguliwa mahakama isiyo na mamlaka, na wakati huo mali zimeshagawanywa.

Ukifika Mahakama ya Mwanzo unajaza Fomu Namba 1, unaambatanisha cheti cha kifo, muhtasari, na wosia kama upo. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya kusikilizwa warithi waende, wasiachie msimamizi mtarajiwa peke yake, hakimu huwa anauliza mmoja mmoja kama wanamkubali. Pasipo pingamizi anateuliwa na kupewa barua ya usimamizi, Fomu Namba 4. Kabla ya karatasi hiyo hakuna mwenye haki ya kuuza hata bati la chooni, na wewe unayetaka kununua kiwanja cha marehemu kwa bei ya kutupa, idai hiyo barua kwanza.

Kuna watu wanaacha tu, miaka inapita, nyumba inaendelea kukodishwa na kodi anakula aliye karibu. Kwenye mahakama za juu ukiomba baada ya miaka 3 tangu kifo lazima ueleze kwa nini umechelewa, lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba mashahidi wanakufa na mipaka ya shamba inasogea.

Sasa msimamizi umeteuliwa, kazi inaanza. Kwa Mahakama ya Mwanzo una miezi 4 kupeleka orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5. Kwa mahakama za juu ni miezi 6 kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Unaweza kuomba kuongezewa muda, omba kwa maandishi, usinyamaze tu maana kunyamaza kunaweza kukuvua usimamizi. Na orodha yenyewe isiwe "shamba 1, nyumba 1". Shamba andika liko kitongoji gani, ukubwa wake, anapakana na nani kaskazini, nani kusini, kuna miti gani na nani analilima sasa hivi. Nyumba andika namba ya kiwanja, kitalu, nani amepanga na kodi ya mwezi ni ngapi. Piga picha. Benki nenda na barua uombe salio la tarehe aliyofariki pamoja na taarifa ya akaunti kuanzia siku hiyo, hapo ndo utajua kama kuna mtu alikuwa na kadi na namba ya siri akaendelea kutoa hela wakati wengine mnachimba kaburi. Laini za simu pia, msizitupe, pesa za M-Pesa au Airtel Money ni mali ya marehemu kama zile za benki, na meseji zake zinaonyesha nani anadai na nani anadaiwa. Vikoba na SACCOS ulizia, wazee wengi wana hisa huko ambazo hata mke hajui. Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, yana utaratibu wake wa wategemezi, waulizeni mfuko wenyewe wanataka nini.

Madeni yanalipwa kabla ya kugawa. Hili halipendwi ila ndo lilivyo.

Kugawa kunategemea sheria ipi inatumika. Muislamu ni mafungu yanayojulikana, mjane akiwa marehemu ameacha mtoto anapata moja ya nane, mama wa marehemu moja ya sita, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike, nendeni kwa sheikh anayejua mirathi awapigie hesabu kwa maandishi. Kwa wanaofuata sheria ya kiserikali, ile ya kizamani ya India ya 1865 ambayo bado inatumika kwetu, mjane anapata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kwenye mila ndo kuna shida, tangazo la sheria za kimila la 1963 (Tangazo la Serikali namba 436, au GN 436) linamweka binti daraja la tatu, la mwisho kwenye mgao, na mjane mwenye watoto halimpi fungu, linasema atatunzwa na wanae. Mimi naona ni aibu kwamba bado lipo, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliilaumu Tanzania kwa wajane wawili walioachwa bila kitu kwa sababu ya mila hizo. Msimamizi mwenye akili anaanza kwa kuitenga sehemu ya mjane kwenye mali walizochuma pamoja, kwa sababu hiyo sehemu haikuwa ya marehemu hata siku moja, kinachobaki ndo mirathi.

Kila mrithi akipokea asaini, hata kama ni kuku. Watoto wadogo fungu lao liandikwe liko wapi na nani analishika. Ukimaliza unarudisha hesabu kwa Fomu Namba 6, warithi wanaulizwa kama wameridhika, na unaiomba mahakama ifunge shauri. Usiache faili wazi, wewe ndo utakayeitwa miaka ijayo.

Na wewe ambaye bado upo hai, andika wosia. Kwa utaratibu wa kimila kama unajua kusoma na kuandika mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo mmoja sio, kama hujui ni wanne, wawili wa ukoo na wawili sio, na mke aliyepo nyumbani awepo. Andika kwa kalamu ya wino isiyofutika, tarehe, sahihi au dole gumba, na useme kwamba una akili timamu na hujalazimishwa. Unayempa kitu asiwe shahidi. Ukitaka kumnyima mrithi, taja jina lake na sababu, kumruka kimya kimya ndo kunabomoa wosia mahakamani. Muislamu unausia mwisho theluthi moja na sio kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, mpaka wenzie wakubali. Mkristo ukiandika wosia halafu ukaoa au kuolewa baadae, andika mwingine, chini ya ile sheria ya 1865 ndoa inaufuta. Utunze RITA, kwa wakili, benki au kanisani, na umwambie mtu mmoja unayemwamini uko wapi, usiufungie kwenye sanduku ambalo funguo unayo wewe peke yako.