Kabla ya kumpakia mbwa chomboni: mambo ya kuzingatia unapokwenda naye dago

Mbwa wangu anaitwa Sinamakuu. Kazi yake ni kulinda mihogo isiliwe na tumbili, na kazi hiyo anaiweza. Shida huja kaskazi inapotulia, tunapokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, wiki mbili na nyumbani habaki wa kumtazama. Wengine hawamgusi, nami siwalaumu. Basi kwa misimu minne sasa nasafiri naye. Wavuvi wenzangu wa Pemba wenye mbwa wa shamba wamekuwa wakiniuliza nafanyaje, na haya ndiyo majibu yangu.

La kwanza linahusu watu, si mbwa. Nenda kwa nahodha siku kadhaa kabla, si alfajiri ya safari watu wameshajitwika nyavu. Mwambie, "Ami, naomba ruhusa, nataka kuja na mbwa." Akikataa, yamekwisha, chombo kina mwenyewe. Akikubali, waendee na mabaharia mmoja mmoja, kwa sababu mtu anaweza kunyamaza kwa kumheshimu nahodha na huku moyoni amekereka. Wengi wetu huku ni Shafii, na kwa madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito: palipopata mate yake, au palipogusana na mwili wake pamoja na rutuba, paoshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Nchi kavu jambo hili lina nafasi, kwani kikavu kikigusa kikavu hakinajisiki. Lakini chomboni kuna kikavu gani? Mbao zimerowa, kamba zimerowa, miguu ya watu imerowa, na sala ya adhuhuri iko njiani.

Kwa hiyo chukua udongo. Baharini maji ni tele, kinachokosekana ni udongo. Mimi hufukua wa shambani, mahali safi, nikauanika, nikauchekecha na kuujaza kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko. Safari ya kwanza sikuwa nao. Sinamakuu alimlamba kijana mmoja kiganja, na yule kijana akakaa ameuweka mkono kando, kama si wake, tangu mkondoni mpaka tulipofunga chombo kisiwani. Hakunitolea neno baya hata moja. Ule mkono uliotengwa na mwili ndio ulionifundisha.

Misala na nguo za kusalia zitiwe kwenye ndoo yenye mfuniko, ikae tezi, nyuma ya chombo. Mbwa awe na bakuli lake, lenye rangi isiyofanana na bakuli jingine lolote, na kata ya kufulia maji, ile ya kuyatoa chomboni, isipite karibu naye. Sanduku la barafu lifungwe kamba juu ya mfuniko. Mbwa mwenye joto huivutikia barafu kuliko chakula, na akishaipitisha ulimi, samaki waliomo hutamwona mtu wa kuwanunua dikoni tunakoshushia samaki, na mnunuzi atakuwa na haki.

Pili ni chanjo. Pemba tuna sababu yetu ya kulikazania hili kuliko watu wa mahali pengine. Baada ya kampeni za chanjo za miaka kadhaa, kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi. Kililetwa kutoka nje ya kisiwa kwa mkono wa binadamu, ikabidi mbwa wachanjwe upya shehia kwa shehia hadi kikaondoka tena mwaka 2018. Sisi wenye vyombo ndio tunaovuka maji. Mbwa hawezi kuogelea kutoka bara mpaka Pemba, lazima apakiwe na mtu. Basi asiyechanjwa asipande, hata kama ni safari ya kisiwa cha jirani. Chanjo ya mwanzo hutolewa akifika miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Ukimchanja kwa mara ya kwanza, subiri kama mwezi mmoja kabla ya safari ili kinga ijijenge. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kama mkwaruzo.

Chagua na pa kwenda. Kisiwa cha Misali mimi simpeleki. Kasa hupanda pale kutaga, na mbwa akishanusa mayai mchangani hakuna kamba ya kumzuia. Tena wazee wametusimulia kwamba Nabii Khidhri alipokosa msala alikifanya kisiwa kile ndio msala wake, na jina likatoka hapo. Siwezi kumpitisha mbwa mahali watu wanapopaheshimu hivyo.

Chombo chenyewe akizoee akiwa bado mchanga hajaonja bahari, au angalau kabla ya msimu. Maji yakipwa na chombo kimelala mchangani, mpandishe, mkalishe, mshushe, siku tatu nne. Halafu maji ya magotini. Katika ngalawa mbwa wa kilo 15 akiruka ghafla upande mmoja mnamsikia wote, kwa hiyo kama hajajua kutulia, ngojea mashua. Mahali pake ni chini, karibu na mlingoti. Omoni, mbele ya chombo, foromali inayobeba tanga itampiga tanga likipinduliwa, na tezi atamsumbua nahodha. Mtandikie gunia lililorowa. Kucha za mbwa huteleza juu ya mbao na faiba, na gunia humpa pa kushika na kumpoza tumbo kwa wakati mmoja.

Usimfunge shingo kwa kamba ukaifunga chomboni. Akitumbukia atanyongeka, na chombo kikipinduka atazama nacho. Mshonee mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni. Wangu niliutoa kwenye mikanda ya begi kuukuu, na umeshanisaidia kumnyakua mara mbili kwa mkono mmoja. Kama unaweza kumpatia jaketi la kuelea, ni bora zaidi. Mbwa wengi hupiga miguu majini, lakini si wote wanaodumu wakielea kwenye mawimbi ya mkondo wa Pemba.

Sasa ndoana, na hapa naomba usome pole pole. Kwa mbwa, chambo cha ngisi ni chakula tu, naye haijui ndoana. Mishipi yenye chambo isilazwe sakafuni hata kwa dakika moja. Izungushiwe kwenye kibao chake na ndoana zichomekwe kwenye kipande cha kandambili. Msimu wa pili Sinamakuu alinasa pembe ya mdomo. Alikuwa hapigi kelele, anatikisa kichwa tu na kurudi kinyumenyume, na chubwi, kile kizito cha mshipi, inagonga mbao, ko, ko, ko. Tulimfunga mdomo kwa kitambaa, kwa kuwa mbwa mwenye maumivu humuuma hata anayempenda. Mmoja akamshika kifuani. Mimi nikaisukuma ndoana mbele badala ya kuirudisha nyuma, mpaka kile kijino kinachoizuia isitoke kikatokeza upande wa pili wa ngozi. Nikakikata kwa plaizi, kilichobaki kikarudi kwa wepesi. Kwa hiyo plaizi kali isiyo na kutu ni lazima.

Akiwa ameimeza ni jambo jingine kabisa. Usivute mshipi! Ukivuta unamchana koo au tumbo. Ukate, ubakize kama shibiri moja nje ya mdomo, uufunge kwenye mkanda wake ili asiumeze wote, usimpe chakula, na safari ya uvuvi iishie hapo. Mtafute daktari wa mifugo. Uwe na namba yake kabla hujang'oa nanga, na namba ya mtu wa kukupokea bandarini.

Joto huua mbwa haraka kuliko bahari. Yeye hatoki jasho mwilini kama sisi, hujipoza kwa kutweta. Ukiona ulimi umekuwa mwekundu sana, ute mzito, anapepesuka, mtie kivulini, mmwagie maji tumboni, mapajani na miguuni, mpepee. Maji ya bahari yanafaa kwa kazi hiyo, lakini asiyanywe, yatamtapisha na kumharisha na kiu kumzidi. Sinamakuu ana dumu lake la lita tano, na jua likiwa kali namwekea lita tatu kwa siku.

Chakula ni jambo dogo. Mpe kidogo saa chache kabla ya safari asije akatapika. Ng'onda, samaki waliokaushwa, asipewe, ni chumvi tupu. Ila dagoni tembea ufukweni kabla ya kumfungulia, ukaokote samaki aina ya bunju waliotupwa na wavuvi, maana sumu yake haifi kwa jua wala kwa kupikwa. Nyama ya kasa pia isiwepo dagoni kabisa, kwa mtu wala kwa mbwa. Machi 2024 kisiwani Panza ilituondolea watu 9, wanane kati yao watoto.

Mkirudi, mwogeshe kwa maji baridi ya kisima, kwani chumvi ikikauka kwenye manyoya humwasha mpaka akajichuna. Gunia lake huondoka naye. Kisha lile kopo la udongo litoe tena. Mimi huosha ubao aliolalia mara saba, nahodha akiwa amesimama hapo hapo, na fungu langu la samaki silichukui mpaka aseme basi.