Kiinimacho cha sarafu kwa daktari wa watoto
Chagua sarafu pana, ifute kwa spiriti. Ishike kwa ncha za kidole gumba na cha kati cha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama juu. Pitisha gumba la kulia chini ya sarafu, vidole vingine viifunike kwa mbele kana kwamba unaichukua. Hapo iachie idondoke kiganjani kushoto, kisha fumba ngumi ya kulia na uiondoe.

Macho yako yaifuate ngumi hiyo. Wengi huharibu hapa: wanauchungulia mkono wa kushoto, na mtoto, ambaye kwa kweli anafuata macho yako, anawakamata. Mkono wenye sarafu usikakamae; shika nao stetoskopu. Fungua ngumi polepole: haina kitu, sarafu imetoweka.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 tumia leso, sarafu ataimeza.