Disney World: Panga Chakula Kabla Hujapanga Michezo

Watu wanaokwenda Walt Disney World, lile eneo kubwa la burudani kule Florida, Marekani, hupanga michezo, yaani vile vitu vya kupanda na kutazama, kwa wiki nzima na chakula hawakipangi kabisa. Wanasema tutakula tutakachokikuta. Kukikuta utakikuta, tena kingi, maana vibanda vya vitafunwa viko kila kona katika viwanja vyote vinne: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Tatizo ni kukipata saa ile ambayo kila mtu kashikwa na njaa. Kwa hiyo soma haya ukiwa bado nyumbani, si ukiwa umesimama juani na mtoto analia.

La kwanza: unaruhusiwa kuingia na chakula chako. Wengi hawalijui hili, wanaacha vitu hotelini kwa kuogopa kunyang'anywa getini. Karanga, biskuti, matunda, mikate, juisi za watoto, chupa za maji, vyote vinapita ilimradi si chakula cha kupashwa moto. Kinachokataliwa ni pombe, vyombo vya glasi (vichupa vya chakula cha mtoto mchanga vinakubaliwa) na barafu ya kumwagwa ovyo ndani ya begi. Weka vile vifuko vya kugandisha vinavyotumika tena. Begi la kuhifadhia ubaridi lisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18.

Maji usinunue. Mahali popote panapouza soda ya bomba watakupa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba. Omba, usione haya. Kati ya Juni na Septemba joto la pale huja na unyevu mzito, na mvua za radi hupenda kushuka mchana. Mtu hukaukiwa na maji bila hata kuhisi kiu.

Simu iwe na chaji, na beba betri ya akiba. Pakua programu ya My Disney Experience, ile ya kuagizia chakula, ukiwa nyumbani, uingize kadi ya benki na uijaribu. Uiarifu benki yako kwamba unasafiri, kadi isije ikazuiwa mbele ya dirisha la chakula.

Sasa hili la muda wa kuagiza. Hapa ndipo watu wanapoumia.

Sehemu nyingi za chakula cha haraka unaagiza kwa simu. Unachagua chakula, unalipa, na unachagua muda wa kufika. Ukikaribia, unabonyeza kuwajulisha kwamba umefika, ndipo jikoni wanaanza kukuandalia. Utaratibu ni mzuri, lakini nafasi za kila muda zina kikomo. Ukifungua programu saa 6 na nusu mchana, wenzako walioagiza asubuhi wameshazimaliza zile za karibu. Agiza mapema, hata mkiwa bado mnakunywa chai ya asubuhi, na mlenge kula saa 5 na nusu kabla ya msongamano. Mkichelewa, badilisheni muda kabla hamjabonyeza.

Shangazi yangu ana kisukari, na vidonge vyake ni vya aina ile inayoshusha sukari hata kama hujala. Siku moja tulipokwenda huko alivimeza hotelini akala kidogo, kwa sababu basi lilikuwa linaondoka. Mambo yote walishika vijana, na programu ilikuwa kwenye simu moja tu, ya binamu yangu. Ilipofika saa 7 ndipo wakakumbuka chakula. Nafasi ya karibu kabisa ilikuwa baada ya saa 8. Binamu akasema si mbaya, tupande kitu kimoja kwanza, akaingia kwenye foleni na simu yake mfukoni. Sisi tukabaki na shangazi kwenye benchi.

Kwanza alinyamaza, na shangazi si mtu wa kunyamaza. Halafu nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo ilhali tulikaa kivulini, na vidole vyake vinatetemeka kwenye kamba ya mkoba. Nikamuuliza jina la mjukuu wake wa mwisho, yule anayemwimbia kwenye simu kila jioni. Akanitazama tu. Mmoja wetu akakimbia kununua aiskrimu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Nia ilikuwa njema, lakini mafuta ya maziwa huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa benchi la pili, hatumjui wala yeye hatujui sisi. Alitoa pakiti ya juisi ya tufaha kwenye begi la wanawe, akachoma mrija mwenyewe, akamshikia shangazi mdomoni huku amemuwekea mkono mgongoni. Baada ya kama robo saa shangazi akauliza kwa nini tumemzunguka hivyo, na mjukuu akamtaja. Wakati huo binamu alikuwa bado kwenye foleni, na chakula hakijaanza hata kupikwa.

Kwa hiyo kama mna mgonjwa wa kisukari, mzee, mjamzito au mtoto mdogo, ratiba ya chakula inafuata mtu huyo, na michezo inafuata chakula. Beba juisi ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Gramu 15 za sukari, yaani kama nusu kikombe cha juisi, subiri dakika 15, pima, rudia ikibidi, kisha ale chakula kamili. Aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, ita msaada. Kutembea kutwa nzima nako kunashusha sukari, hivyo ongeeni na daktari kuhusu dozi kabla ya safari. Kila kiwanja kina kituo cha huduma ya kwanza. Cha Magic Kingdom kiko mwisho wa Main Street, karibu na mgahawa wa Crystal Palace. Kijue kilipo tangu asubuhi. Na programu iwe kwenye simu mbili, mmoja wa wenye simu asiingie kwenye foleni ndefu. Hili silijadili na mtu.

Tukija kwenye vitamu vyenyewe, usile kila unachokiona. Dole Whip, ile aiskrimu laini ya nanasi, inastahili sifa zake. Ipo Aloha Isle ndani ya Magic Kingdom, na joto likizidi hakuna kinachoishinda, ila ile ya kwenye kikombe uile haraka kabla haijawa supu. Paja la bata mzinga ni kubwa na lina chumvi nyingi. Lile la mmoja linatosha wawili, na maji yawe karibu. Bisi na churro, yale maandazi marefu ya kukaanga yenye sukari, ni vya kutafuna mkitembea, si mlo.

Kwa mlo wa kushibisha bila kukaa sana, Magic Kingdom napenda Columbia Harbour House. Wanauza samaki na kamba, na ukipanda ghorofani kuna ubaridi na utulivu. Animal Kingdom nenda Satu'li Canteen, uchague wali au viazi, kuku au nyama au tofu ya soya, na mchuzi wake. Ni chakula hasa, kina mboga. Palepale jirani kuna Pongu Lumpia, rolo la kukaanga lenye nanasi na jibini laini ndani. Likitoka kwenye mafuta lipe dakika, ndani linaunguza. Harambe Market ni pazuri lakini viti viko nje, msipaendee wakati wingu limeshatanda. EPCOT keki za duka la Les Halles, upande wa Ufaransa, ni nzuri mno, ila kumbuka ile sehemu yenye mabanda ya nchi 11, Ufaransa ikiwemo, kwa kawaida hufunguliwa saa 5 asubuhi na kuizunguka ni karibu kilomita mbili. Usimpeleke mtu mwenye njaa huko kwa kubahatisha.

Wasiokula nguruwe wasome menyu mpaka mwisho. Ronto Wrap ya Hollywood Studios inaonekana kama mkate wa kukunja tu, kumbe ndani ni soseji ya nguruwe na nyama ya nguruwe. Wasiotumia pombe nao waangalie vitamutamu. Vile vya mviringo vyenye mistari ya chokoleti vya hoteli ya Animal Kingdom Lodge, viitwavyo Zebra Domes, vinajulikana kwa kutiwa Amarula, na mtoto atavichukua kwa sababu vinapendeza. Uliza kabla hujamwekea mkononi.

Mwenye mzio atamke anapoagiza, aombe menyu ya wenye mzio na aongee na mhudumu aliyefundishwa kazi hiyo. Asikisie kwa kuangalia sahani.

Bei ziangalie kwenye programu kabla ya kukaa, na ujue kodi haijajumlishwa. Katika viwanja hivi ni asilimia 6.5. Kwenye chakula cha haraka bakshishi si lazima. Mtu mzima anaweza kuagiza chakula cha watoto, na mara nyingi kinamtosha. Kile kikombe cha kujaza vinywaji bila kikomo kinafanya kazi hotelini, si ndani ya viwanja vinne, kwa hiyo usikibebe kutwa nzima ukitarajia soda.

Usiku msichelewe kununua kitu cha kula asubuhi, maana jikoni huanza kufunga wakati bado mnatazama fataki. Mtu mmoja akatafute meza huku mwenzake anachukua chakula. Funika sahani, ndege wa pale wamezoea watu na hudaka viazi mkononi mwa mtoto. Msiwatupie chochote, na kando ya ziwa lolote msilishe mnyama yeyote. Vidonge visikae kwenye begi la juani. Nawisheni watoto mikono. Viatu viwe vikavu, soksi za akiba ziwepo, na mkiona mtu wenu amenyamaza ghafla, simamisheni kila kitu mmuulize lini alikula mara ya mwisho.