Umesikia sauti? Ngoja kwanza, ipime kabla hujainuka nayo

Kuna siku niliamka saa nane usiku nikiwa na uhakika kabisa kwamba Mungu amesema niache kazi. Sio wazo tu, yaani sentensi nzima imekaa kichwani imenyooka, "ondoka hapo, nimekuandalia kwingine", na moyo unadunda. Nikaandika barua ya kuacha kazi kwenye simu palepale, imebaki kutuma tu, alafu nikaona meseji niliyokuwa nimemwandikia rafiki yangu jioni ile ile: "huyu bosi nimemchoka, natamani kesho nisirudi hapo". Nikacheka peke yangu gizani. Ile "sauti ya Mungu" ilikuwa inanirudishia hasira yangu ya saa kumi na mbili jioni, imevalishwa nguo za ibada.

Wapendwa, sisemi Mungu hasemi. Anasema, na mimi nimewahi kumsikia. Ila tangu usiku ule nina utaratibu, naandika hapa kwa yeyote anayehangaika na hili.

Kitu cha kwanza chukua daftari. Andika ulichosikia, tarehe, na ulisikiaje, ni ndoto, ni andiko limekugusa, ni mtumishi kakwambia, ni msukumo tu ndani. Alafu pembeni yake andika kwa ukweli wako wote: mimi nilikuwa nataka nini kabla ya hii sauti? Hapo usijidanganye. Kama unampenda mtu tayari alafu unaoteshwa kwamba ndiye, inawezekana ni Mungu lakini pia inawezekana ni wewe, na kama hujaandika hilo la pili hutakuja kujua tofauti. Samweli mwenyewe aliitwa mara tatu akawa anakimbilia kwa Eli akidhani ni mzee anamuita, na yule alikuwa analala humo humo hekaluni. Kwa hiyo usione aibu kwamba hujui.

Pili, ipeleke kwenye Neno, lakini Neno zima, sio msitari mmoja uliofumba macho ukafungua ukakutana nao. Shetani kule nyikani alimnukulia Yesu Zaburi ya 91, na ukifungua Mathayo 4:6 ukailinganisha na Zaburi yenyewe utaona kuna kipande ameruka, "wakulinde katika njia zako zote". Kile kile kinachomharibia hoja ndicho alichokiacha, maana kujirusha kutoka juu ya hekalu sio njia ya mtu. Ndio maana nikiletewa andiko na mtu napenda kusoma sura nzima, juu na chini, nione alichoacha ni nini. Na sauti inayokwambia umuache mke wako uende kwa mwingine, au udanganye ili upate, hiyo hata usiifungie mfungo, jibu lilishaandikwa zamani.

Sasa nije kwenye ile inayotuangusha wengi, watu wenye majina makubwa kiroho. Soma 1 Wafalme 13 taratibu. Mtu wa Mungu anatoka Yuda anaenda Betheli, ameambiwa wazi usile mkate, usinywe maji, usirudi kwa njia uliyojia. Mfalme anamkaribisha nyumbani na zawadi juu, anakataa, hata kwa nusu ya nyumba yako siendi. Safi kabisa. Alafu anakuja nabii mzee, anamwambia mimi nami ni nabii kama wewe, malaika amesema nami, nikurudishe ule. Biblia inasema palepale kwamba alimdanganya. Jamaa akarudi, akala, na njiani akakutana na simba akauawa, na yule simba akasimama tu pembeni ya maiti na punda, hajala maiti wala hajamrarua punda, ili kila apitaye aelewe kwamba hii haikuwa njaa.

Mimi ile habari huwa inanitisha kuliko habari ya Goliathi. Kwa sababu huyu mtu rushwa ya mfalme aliishinda, ila mwenzake wa madhabahuni ndiye aliyemmaliza, na alichotumia ni sentensi moja tu, malaika amesema nami. Hakuuliza hata swali moja! Sasa wewe uliyeambiwa na Mungu jambo wazi, ukawa na amani nalo miezi, akija mtu na "Bwana amenionyesha" inayofuta lile la kwanza, una haki ya kusema mtumishi nashukuru, naomba muda niliombee. Paulo anawaambia Wathesalonike msitweze unabii, na hapo hapo anaongeza jaribuni mambo yote. Waberoya walimchunguza Paulo mwenyewe kwenye maandiko kila siku na wakasifiwa kwa hilo. Kwa hiyo mtumishi anayekasirika ukiomba muda, anayesema kuhoji ni kumpinga Roho, huyo ameshajitambulisha bila wewe kuchimba.

Mimi niliwahi kutumiwa ujumbe usiku na mtu nisiyemjua vizuri, kwamba ameona jeneza kwenye familia yetu na nipande mbegu, yaani nitume sadaka ya pesa, kabla jua halijachomoza ili lifutike. Mikono ilinitetemeka, siwadanganyi. Kilichoniokoa ni Nehemia 6, pale Shemaya anamwambia Nehemia tukajifungie ndani ya hekalu maana wanakuja kukuua usiku. Nehemia akagundua huyu hakutumwa na Mungu, ameajiriwa na adui zake Tobia na Sanbalati ili Nehemia aogope. Hofu, haraka, na kuna mtu anafaidika. Ukiona hivyo vitatu vimekaa pamoja zima simu ulale. Nililala, vibaya, lakini nililala, na asubuhi tuliamka wote wazima.

Kuhusu haraka nikuonyeshe kitu. Kwenye Yeremia 28 nabii wa uongo Hanania anamvua Yeremia ile nira ya mti aliyoivaa shingoni kama ishara ya utumwa wa Babeli, mbele ya watu, anaivunja, anatangaza ndani ya miaka 2 mambo yatageuka. Yeremia alifanyaje? Akaenda zake. Neno la kumjibu lilimjia baadaye. Na sura ya 42 watu wanamuomba awaulizie kwa Mungu, jibu linakuja baada ya siku 10. Nabii mkubwa vile anasubiri siku 10, wewe unataka jibu kabla chai haijapoa.

Alafu milango. Tunapenda sana kusema mlango umefunguka basi ni Mungu. Yona alishuka Yafa akakuta meli ya Tarshishi ipo tayari na nauli anayo, kila kitu kimejipanga, na alikuwa anamkimbia Mungu. Daudi naye pangoni En-gedi, Sauli anayemwinda anaingia mwenyewe kujisaidia, wenzake wanamwambia leo ndiyo siku aliyokwambia Bwana. Akakata upindo wa vazi tu na hata huo ukamchoma moyo. Mlango ni mlango tu jamani, uliza unaelekea wapi.

Na usahihi pia usikubabaishe. Mtu akikutajia namba yako ya simu sijui na jina la shangazi yako, hiyo haithibitishi kitu. Yule binti wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi alikuwa anasema ukweli mtupu kuhusu Paulo, na bado Paulo alimtoa pepo. Kumbukumbu la Torati 13 inasema hata ishara ikitimia, kama inakuvuta kwa miungu mingine usimfuate.

Kuna sauti nyingine haitoki kwa mtu, ni ile ya ndani inayokwambia wewe hufai, Mungu amekuchoka. Nilichojifunza, Roho akinikemea ananitajia jambo, ulimjibu vibaya fulani, nenda kaombe msamaha, na nikienda linaisha. Mshitaki, yaani Shetani, hataji jambo, anakushushia wingu zima na haonyeshi mlango wa kutokea.

Na nisiache hili, kama unasikia sauti kabisa masikioni, hulali, zinakuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, nenda hospitali leo, usingoje mkesha. Maombi na daktari havigombani. Anayekwambia tupa dawa uonyeshe imani, mkimbie.

Ukishapita huko kote mtafute mtu mmoja au wawili waliokomaa, ambao hawapati wala kupoteza chochote kwa uamuzi wako, wasomee ulichoandika pamoja na ile safu ya pembeni. Hiyo safu usiifiche, mimi niliwahi kuificha nikapewa baraka zote nilizotaka na nikaja kuzijutia.

Daftari langu lina alama. Iliyothibitika naweka vema, iliyokuwa yangu mwenyewe naikata msitari mmoja ili bado isomeke. Ile ya kazi imekatwa. Na kuna moja ina alama ya kuuliza mwaka wa tatu sasa, kila nikifungua naipitia naomba tena, nageuza ukurasa.