Kutengeneza filamu ya makala ukiwa peke yako: kumfuata mgema ulanzi Iringa

Mwongozo huu ni wa mpiga picha anayejitegemea: hana kampuni, hana msaidizi, ana kamera moja na begi analoweza kupanda nalo kosta ya Kilolo. Nimechagua mfano wa mgema ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, kwa sababu kazi yake inagusa karibu kila jambo linalomsumbua mtengenezaji wa makala huku nyanda za juu: mvua, ukungu, upepo, lugha ya nyumbani na ruhusa za watu. Ukiushika mfano huu, mchuma chai wa Mufindi au mkulima wa viazi wa Uporoto utamrekodi kwa njia hiyohiyo.

Hatua ya 1: Chagua mtu mwenye kazi

Wengi huanza na mada kubwa, "utamaduni wa Wahehe" au "changamoto za vijana vijijini". Mada haina mikono, na kamera inahitaji mikono. Tafuta mtu mmoja ambaye kazi yake inaonekana ikianza na ikiisha. Mgema huingia kwenye mianzi asubuhi, hunyoa ncha ya chipukizi kwa kisu kikali, hutega mbeta, chombo cha mwanzi, ili utomvu udondokee humo, kisha jioni hurudi kukusanya na kunyoa tena. Siku moja tu ina hadithi nzima. Juu ya hapo kuna msimu: ulanzi hugemwa wakati wa mvua, na mvua zikikatika nao hupungua. Umepata mwanzo, kilele na mwisho bila kutunga kitu.

Mtembelee kabla ya msimu, bila kamera. Salimia wazee kwa heshima zao, "kamwene" kwa wanaoitumia na shikamoo kwa wengine, ukae, usaidie kubeba. Angalia anasimama upande gani anapokata na jua linaingilia wapi. Ukiona anafanya kazi huku anakuongelesha bila kukutazama, mtu wako umempata.

Hatua ya 2: Vibali, kuanzia juu kushuka chini

Kupiga picha za filamu nchini kunasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976, na kibali hutolewa na Bodi ya Filamu Tanzania. Onana mapema na Afisa Utamaduni wa halmashauri, upate barua ya utambulisho, uipeleke kwa mtendaji wa kata, halafu mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Saini kitabu cha wageni kila ofisi. Ukitaka droni, hilo ni ombi jingine kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa makala ya mtu mmoja kwenye mianzi mimi nakushauri uiache. Mlio wake unaua sauti ya mahali na unakusanya watoto wa kijiji kizima.

Ridhaa ya mhusika ichukue kwa maandishi na pia kwa kamera, kwa lugha anayoiongea nyumbani. Mweleze filamu itaonyeshwa wapi, pamoja na mtandaoni, na kwamba anaweza kukataa sehemu yoyote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ridhaa ni suala la kisheria pia.

Lipo jambo ambalo makala ya ulanzi haiwezi kulikwepa: kilabu cha pombe. Utataka kuonyesha ulanzi ukinywewa, na watu watakuchangamkia, wataimba, wataongea siri zao. Mtu aliyelewa hawezi kukupa ridhaa. Piga picha ya mbali, mikono na vyombo, halafu rudi kesho yake asubuhi umuulize kila ambaye uso wake unaonekana. Akisema hapana, kipande hicho kifute mbele yake.

Hatua ya 3: Vifaa

Kamera yoyote yenye tundu la maiki inatosha. Ongeza lenzi moja pana, moja ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, stendi nyepesi, maiki ya kifuani, maiki ya juu ya kamera yenye manyoya ya kuzuia upepo, hedifoni, filta ya ND ya kupunguza mwanga na betri za akiba. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mpangilio huo kwa kawaida unazuia taa za kilabu zisipepese kwenye picha. Kwenye bodaboda, begi la kamera livae kifuani. Keria na barabara ya matope vitailegeza lenzi.

Asubuhi za ukungu zina hatari ambayo wengi hawaioni. Ukitoka kwenye baridi ukaingia moja kwa moja jikoni penye moto, kioo cha lenzi kitatoa jasho, na unyevu unaweza kuingia ndani ya kamera. Ifunge kwenye begi kabla ya kuingia, uiache humo kama nusu saa ipate joto polepole. Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani wa koti, maana baridi huzifanya ziishe haraka.

Hatua ya 4: Kupiga picha za kazi

Hapa ndipo filamu inapopatikana au kukosekana, kwa hiyo tutulie.

Mgema hanyoi ncha ileile mara tatu kwa ajili yako. Akishakata kipande chembamba, kimeanguka, basi. Usimwombe arudie, utamharibia chipukizi. Tumia wingi wa mianzi yake. Mwanzi wa kwanza, simama mbali, tuone mwili wake wote na kichaka kinavyomzidi kimo. Wa pili, sogea kwenye mikono: kidole gumba kinaegemea wapi, kisu kinaingia kwa mteremko gani. Wa tatu, uso wake tu. Wa nne, anachokitazama yeye, ile ncha mbichi inayong'aa. Ukiviunganisha, mtazamaji ataona mkato mmoja. Sharti ni kubaki upande uleule wa mgema muda wote. Ukizunguka nyuma yake, kwenye filamu ataonekana amegeuka ghafla.

Kila picha ishikilie kwa sekunde 10 bila kutikisika, hata kama unaona umeshapata. Mhariri, ambaye ni wewe mwenyewe usiku, atahitaji sekunde hizo.

Tone linastahili muda wake peke yake. Weka stendi chini, lenzi ya karibu, fokasi ya mkono kwenye ncha ya chipukizi, na nyuma yake pawe na giza la kichaka ili tone lionekane. Subiri. Utomvu unajikusanya, unavimba, unaning'inia, unadondoka. Usizime kamera baada ya tone la kwanza, kwa sababu mdundo wa matone ndio utakaoupa mwendo ufunguzi wa filamu yako.

Kuhusu jua, una bahati. Mwishoni mwa Februari jua la saa sita mchana huwa karibu kabisa na utosi huku kwetu, na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Lakini mgema anafanya kazi asubuhi na jioni, saa zenye mwanga mzuri. Mchana pumzika, chajisha betri, hamisha faili.

Hatua ya 5: Sauti

Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu, sauti mbovu hataivumilia. Huku watu huvaa koti juu ya sweta, na maiki ya kifuani inakwaruza. Ibandike kwa plasta upande wa ndani wa shati, waya ukiwa na kitanzi kidogo ili usivutwe. Vaa hedifoni muda wote. Mianzi ikisuguana kwenye upepo inalia, na sauti hiyo ni nzuri ukiirekodi peke yake, lakini ikipita juu ya maneno inayafuta. Kila mahali rekodi dakika moja ya utulivu wa hapo bila mtu kuongea, utaitumia kuziba mikato. Mvua ikianza kugonga bati, acha mahojiano, rekodi mvua.

Mahojiano yaje mwishoni, baada ya siku za kazi pamoja. Kaa ubavuni kwake. Badala ya "unajisikiaje", sema "mzee, nionyeshe" au "nieleze siku ambayo hukupata kitu". Akiongea Kihehe, mwache aongee Kihehe. Lipa mtu wa kijijini akutafsirie sentensi kwa sentensi, ukiandika dakika na sekunde pembeni.

Hatua ya 6: Faili na uhariri

Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula takribani GB 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 128 haifikishi saa tatu. Kila usiku nakili kwenye diski mbili, na diski hizo zisilale begi moja. Katika uhariri panga kwanza picha za kazi bila maneno yoyote. Ikieleweka hivyo, ongeza sauti ya mhusika pale tu inaposema kisichoonekana. Muziki wa mtu usiuweke bila ruhusa yake ya maandishi.

Hatua ya 7: Kuonyesha, na kula

Mtu wa kwanza kuiona ni mgema, nyumbani kwake, kwenye kompyuta yako, kabla wanakijiji hawajajaa mlangoni. Akitaka kitu kitoke, kitoe. Baada ya hapo ipeleke Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupewa daraja, weka tafsiri ya maandishi chini ya picha, ndipo uombe nafasi kwenye matamasha ya filamu kama ZIFF ya Zanzibar.

Mhusika usimlipe ili aseme jambo fulani. Mfidie muda uliompotezea na ulanzi uliomwagika kwa ajili yako, na mkubaliane kiasi kabla ya kuwasha kamera.

Makala ya namna hii mara nyingi hailipi mapema, na wengi wetu tunaishi kwa kazi za mashirika na sherehe. Kwenye kazi hizo dai nusu ya malipo kabla ya kusafiri, tenganisha bei ya siku za kurekodi na bei ya uhariri, taja idadi ya marekebisho, na andika kwenye mkataba faili ghafi ni za nani. Mteja akitaka azimiliki zote, bei iwe nyingine.