Iafoni za bei na chumvi ya Lamu

Mimi huhariri rekodi za taarab na kasida hapa Langoni, mjini Lamu, na iafoni, yaani vile visikilizio vya kutia sikioni, ni chombo changu cha kazi. Ukitaka kununua za bei ghali, anza na sikio lako. Jaribu mipira yote ya kuingia sikioni iliyomo ndani ya boksi, ya silikoni na ya sponji, hata ikiwa kila sikio litataka saizi yake. Mpira usipoziba vizuri, besi hutoroka, na utamlaumu fundi bure. Kisha weka wimbo unaoujua kwa moyo: nyuzi za udi zisikike mojamoja, na dumbaki lisimfunike mwimbaji.

Chagua zenye waya unaochomoka, kama Shure SE215. Waya ndio hufa kwanza, hasa karibu na plagi, na huo utaubadilisha peke yake.

Sasa chumvi. Alama ya IPX4 maana yake ni kuhimili marashio ya maji, na kipimo hicho hufanywa kwa maji matamu. Bahari haimo. Ukivuka kwa boti kwenda kisiwa cha Manda, zitie kwenye kikebe kinachofunga, pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu. Jioni, pangusa viungo vya chuma kwa kitambaa kikavu, na usafishe nta ya sikio kwenye wavu wa mdomo wa iafoni kwa brashi laini, tundu likielekea chini ili uchafu uanguke nje. Usitumie sindano kabisa. Wavu ukitoboka, nta huingia hadi kwenye spika.